Kufufua baskeli ya resi ya zamani: pima kwanza, nunua baadaye

Baskeli za resi za zamani bado zimejaa Unguja na Pemba. Nyingine zimeingia na mitumba ya Japani na Ulaya, nyingine zimo majumbani tangu miaka ya 1980, zimeegemezwa ukutani nyuma ya banda. Fremu zake nyingi ni za chuma kizuri, nyepesi kuliko Phoenix na ngumu kuchoka. Kinachoziua ni vipuri vilivyonunuliwa kwa kukisia: tairi ya 28 kwenye ringi ya 27, mkono wa breki wa baskeli ya mlima kwenye breki za resi, nguzo ya kiti iliyopungua nusu milimita. Kila kimoja kati ya hivyo kinaonekana kimekaa siku ya kwanza, kisha kinaharibu kingine.

Mpangilio wa kazi ni huu: fremu, magurudumu, breki, gia, halafu mahali mwili unapokaa. Usiuvuruge, kwa sababu gurudumu ndilo linaloamua breki, na nafasi ya nyuma ya fremu ndiyo inayoamua idadi ya gia. Na usinunue chochote mpaka umalize kupima, hasa kama kipuri kitaagizwa Kariakoo na kuvushwa kwa boti. Kukirudisha ni shida kuliko kukileta.

Zana za kupimia na kufungulia: vania kalipa ya chuma inayosoma sehemu ya kumi ya milimita, rula ya chuma, uzi mwembamba wa mita tatu, heksa za milimita 4, 5 na 6, spana za kawaida za 8 hadi 17, spana nyembamba za koni (nati za ekseli zinazobana gololi) za 13, 14 na 15, kivuta krenki (krenki ni ile mikono inayoshika pedeli), nyundo ya mpira au ya mti, grisi, na dizeli au mafuta ya kulegezea kutu.

Fremu: kagua kabla ya kuipenda

Chumvi ya bahari ndiyo adui mkubwa wa fremu hapa kwetu, na hula kutokea ndani. Toa nguzo ya kiti, geuza fremu juu chini, uigonge kwa kiganja. Ukitoka unga wa kutu, hiyo ni kawaida. Yakitoka magamba, chukua ncha ya bisibisi ubonyeze chini ya kikombe cha pedeli (yale makutano ya mabomba ambamo ekseli ya pedeli inapita), maana maji yote ya masika hushukia hapo. Chuma kikibonyea, iache fremu hiyo.

Kisha angalia chini ya bomba la chini, sentimita tano hivi nyuma ya bomba la kichwa (lile fupi la mbele linalopitisha usukani). Pitisha kidole. Ukihisi kitumbo au rangi iliyopasuka kwa kukatisha bomba, baskeli hiyo iligonga kitu kwa mbele. Fremu ya namna hiyo inaweza kwenda miaka na inaweza kukatika kesho kwenye mteremko. Hatumshauri mtu yeyote kuweka fedha juu yake.

Unyofu unapimwa kwa uzi. Funga uzi kwenye sikio la nyuma la kushoto (masikio ni zile ncha zenye pengo linaloshika ekseli ya gurudumu), uzungushe mbele ya bomba la kichwa, urudishe mpaka sikio la kulia, uukaze. Pima kutoka uzi hadi bomba la kiti, kushoto na kulia. Tofauti ya milimita moja si neno. Ikizidi tatu, fundi mwenye uzoefu ainyooshe kwanza, na hilo linawezekana kwa chuma tu. Fremu ya alumini haikunjwi.

Sasa chukua vipimo hivi na uviandike kwenye karatasi utakayokwenda nayo dukani:

1. Upana wa ndani kati ya masikio ya nyuma. Utapata karibu na 120, 126 au 130. Fremu za gia tano ni 120, za gia sita na saba ni 126, za gia nane na kuendelea ni 130.
2. Upana wa kikombe cha pedeli. Milimita 68 kwa kawaida ni kipimo cha Kiingereza, ambacho Wajapani pia wanakitumia. Milimita 70 ni cha Kiitaliano. Ukipata 71 au 76 kwenye Raleigh ya zamani, hesi zake (mifuo ya kuskurubia) huwa 26 kwa inchi badala ya 24, na ekseli ya kisasa haitaingia.
3. Kipenyo cha nguzo ya kiti. Zinakwenda kwa hatua za 0.2: 25.4, 26.4, 26.6, 26.8, 27.2. Mara nyingi namba imepigwa chini ya mstari wa mwisho wa kuingiza.
4. Kipenyo cha shingo ya usukani pale inapoingia ndani ya foki (uma unaoshika gurudumu la mbele). Nyingi ni 22.2, za Kifaransa ni 22.0, na hizo mbili hazibadilishani.
5. Kipenyo cha hendeli pale katikati inapobanwa: 25.4, 25.8, 26.0 au 26.4.
6. Umbali kutoka katikati ya tundu la breki hadi katikati ya ukuta wa ringi, mbele na nyuma.

Kuhusu nguzo ya kiti, mafundi wengi hufidia kwa kipande cha kopo la soda. Kopo lina unene wa karibu milimita 0.1, kwa hiyo mzunguko mmoja unaongeza 0.2 tu. Kwa pengo la hatua moja linatosha. Ukizungusha mara tatu nne, nguzo hucheza ndani, hulia kila ukikanyaga, na mwisho hupasua shingo ya bomba la kiti.

Kung'oa vilivyoshikana

Alumini ndani ya chuma, pamoja na hewa ya chumvi, hushikana kama iliyochomewa. Shingo ya usukani ndiyo sugu zaidi. Legeza boliti ya juu mizunguko mitatu, usiitoe yote, kisha igonge kichwani kwa nyundo ya mti mpaka ishuke. Hapo kabari ya chini, inayoibana shingo ndani ya foki, imeachia. Ikiwa shingo bado haizunguki, mimina dizeli au mafuta ya kutu pembeni yake, geuza baskeli ili yaingie pia kwa chini, uiache mpaka kesho yake. Jaribu tena kwa kushika gurudumu la mbele kwa magoti na kuzungusha hendeli. Usiongeze bomba refu kwenye hendeli kutafuta nguvu: foki inapinda kabla ya shingo kuachia.

Kila kitu utakachorudisha ndani ya fremu kipake grisi, hata kama ni kipya. Hilo ndilo litakalokuwezesha kukifungua tena baada ya masika mawili.

Magurudumu: soma namba, usisome inchi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Majina ya inchi yamechanganyika: tairi iliyoandikwa 28 inaweza kuwa ya Phoenix au ya resi, na hizo hazina uhusiano. Tafuta namba mbili zenye kistari, zimechapwa ubavuni mwa tairi. Ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha mahali tairi inapokaa kwenye ringi, kwa milimita.

Phoenix na baskeli za Kiingereza za breki za fimbo ni 635. Resi za zamani za inchi 27 ni 630. Resi za kisasa, zile za 700C, ni 622. Baskeli za kwenda sokoni za Japani zenye ringi 26 x 1 3/8 ni 590, na baskeli za mlima za 26 ni 559. Tairi ya 635 kwenye ringi ya 630 itaingia kwa urahisi, itajaa upepo, kisha itatoka kwenye ringi ukiwa njiani. Hali ni hiyo hiyo kwa 630 juu ya 622. Kwa hiyo dukani usiombe "tairi ya 27". Omba 32-630, na uisome mwenyewe kabla ya kulipa.

Ukikuta ringi za 27 za alumini, nzima, zisizoliwa na raba za breki, zibakishe. Zikiwa za chuma kilichong'arishwa, tunashauri uziondoe bila huruma. Ringi ya chuma ikilowa, breki hupoteza nguvu nyingi, na mvua ya vuli ikikukuta kwenye foleni ya daladala na bodaboda hutakuwa na nafasi ya kusubiri ringi ikauke.

Kuhamia 622 kuna faida mbili. Tairi zake ni za aina nyingi zaidi, na kwa kuwa gurudumu ni fupi kwa milimita 4 kila upande, unapata nafasi ya tairi nene au madigadi. Gharama yake ni kwamba raba za breki sasa lazima zifike milimita 4 chini zaidi. Ndiyo maana ulipima umbali wa breki: uongeze 4 hapo kabla ya kwenda mbele.

Upana wa tairi ndio unaoleta raha kuliko kiti chochote cha gharama. Barabara kuu ya Tunguu kwenda Paje ni lami, lakini kila anayekwenda shamba au ufukweni ana kipande cha matuta, kifusi au mchanga. Weka tairi nene kadiri fremu inavyoruhusu, ukiacha milimita 4 kila upande na juu. Fremu nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zinameza 32. Kwa mtu wa kilo 70, tairi ya 32 inataka upepo wa psi 55 mbele na 65 nyuma. Ya 28 inataka kama 75 na 85. Kujaza mpaka tairi iwe ngumu kama jiwe hakuongezi mwendo kwenye njia mbovu. Kunarusha baskeli tu na kuchosha viganja.

Tazama na tundu la valvu. Valvu nyembamba inataka tundu la milimita 6.5, nene inataka 8.5. Tyubu ya valvu nyembamba ikiwekwa kwenye tundu kubwa hukatika shinani, na kiraka hakishiki hapo. Tumia kizibo cha mpira cha kupunguza tundu, au nunua tyubu ya valvu nene moja kwa moja. Hiyo ya pili ni bora, kwa sababu pampu yoyote ya gereji itaijaza.

Spoki zikihitaji kubadilishwa, tafuta za chuma kisichoshika kutu. Za zinki karibu na pwani huanza kuoza pale zinapoingia kwenye nipeli (nati ndogo za kwenye ringi), na zinakatika moja moja. Hesabu matundu ya habu (kitovu cha gurudumu) na ringi kabla: resi huwa 32 au 36 kila gurudumu, ilhali baskeli za Kiingereza za kizamani mara nyingi ni 32 mbele na 40 nyuma.

Habu zioshe, uzipe grisi mpya na gololi mpya. Kwa habu za kawaida, mbele ni gololi 10 za inchi 3/16 kila upande, nyuma ni 9 za inchi 1/4. Badilisha zote kwa pamoja. Ukichanganya mpya na za zamani, zile mpya hubeba mzigo peke yake na kuichimba koni. Na koni ikishakuwa na vishimo, hakuna grisi itakayoiponya: inunuliwe nyingine yenye hesi na umbo lile lile, nawe ubebe ya zamani mkononi.

Upana wa nyuma na aina ya sproketi

Rudi kwenye kipimo cha kwanza.

Fremu yako ikiwa 126, gurudumu la friwili ya gia saba linaingia bila kugusa chochote. Kwa chuma, gurudumu la 130 nalo linaingia ukiyatanua masikio kwa mkono kila unapolivisha, milimita mbili tu kila upande. Kama utakuwa unalitoa mara kwa mara, ni bora fundi aikunje fremu mara moja kwa vipimo, kisha anyooshe masikio yawe sambamba. Fremu ikiwa 120, kwenda mpaka 130 ni mbali. Baki na friwili ya gia tano, au sita nyembamba.

Tofauti ya friwili na kaseti lazima uijue kabla ya kununua. Friwili ina mashine ya kulialia ndani yake na inafungwa nzima kwa hesi juu ya habu. Kaseti ni sproketi (magurudumu ya meno) tupu zinazovishwa kwenye mashine ambayo ni sehemu ya habu. Friwili inapatikana kirahisi na hesi zake karibu zote ni za kipimo kimoja, isipokuwa habu za Kifaransa za zamani. Udhaifu wake ni kwamba upande wa kulia ekseli inabaki ndefu bila beringi ya kuishika, kwa hiyo hupinda au kukatika kwa mtu mzito au anayebeba gunia. Ukinunua gurudumu jipya na fremu ikawa 130, chagua kaseti ya gia nane. Ukitaka kutumia kaseti ya saba juu ya habu ya nane, weka ringi ya kujazia ya milimita 4.5 nyuma yake, la sivyo sproketi zitacheza.

Kufungua friwili ya zamani ya Suntour yenye mapengo mawili kunahitaji uangalifu. Kifungulio kikiteleza, mapengo huliwa na kazi imeisha. Kibane kwa nati ya ekseli au boliti ya habu, zungusha mpaka friwili iachie kidogo, kisha legeza nati hiyo mara moja kabla ya kuendelea.

Meno mangapi

Unguja karibu yote ni tambarare. Sproketi moja ya mbele ya meno 42 na friwili ya 14-28 inakufikisha kutoka Mjini mpaka Makunduchi bila kutafuta gia nyingine. Pemba ni mambo mengine. Kutoka Chake Chake kwenda Mkoani ni kupanda na kushuka, na resi ya zamani ya 52 na 42 mbele itakushusha utembee. Kwa Pemba weka 48 na 34 mbele, na 14-28 nyuma. Ukiwa na mzigo, 14-34.

Kwa hesabu, meno ya mbele gawa kwa ya nyuma, zidisha kwa mzunguko wa tairi, ambao kwa 32-622 ni karibu mita 2.15. Gia ya 42 kwa 28 inasogeza mita 3.2 kwa mzunguko mmoja wa pedeli, ya 34 kwa 28 inasogeza 2.6, na ya 34 kwa 34 inasogeza 2.15. Mita 2.6 mtu wa kawaida anapanda amekaa.

Krenki yenyewe ndiyo inayoamua meno madogo kabisa. Zile zenye duara la boliti (linalopita katikati ya boliti zinazoshika sproketi) la milimita 144 haziteremki chini ya 41, za 130 zinaishia 38, za 110 zinafika 34. Kwa hiyo anayetaka 34 asinunue sproketi kwanza, anunue krenki ya 110.

Halafu direla ya nyuma, ule mkono unaohamisha cheni. Jumlisha tofauti ya meno ya mbele na tofauti ya meno ya nyuma. Kwa 48/34 na 14-28 ni 14 na 14, jumla 28. Direla fupi ya resi ya zamani kwa kawaida haimezi zaidi ya hapo, na nyingi huishia chini yake. Kwa 14-34 chukua direla ya mkono mrefu ya baskeli ya mlima, ya Shimano ya gia sita hadi tisa. Hizo zote zinavuta waya kwa uwiano mmoja, isipokuwa Dura-Ace za zamani.

Swichi za gia: kwa baskeli iliyokusanywa kutoka vyanzo vingi, tunapendelea swichi za msuguano, zisizo na vituo, kuliko za kubofya. Mfumo wa vituo wa Shimano ulitoka 1984, na tangu hapo kila idadi ya gia ina nafasi yake kati ya sproketi: gia saba ni milimita 5.0, nane ni 4.8, tisa ni 4.35. Ukikosea, cheni inalia na kuruka. Ya msuguano haijali. Unasukuma mpaka sauti itulie, basi, na friwili yoyote utakayoipata kesho itafanya kazi.

Cheni ya gia nane inakubali friwili za tano hadi nane. Kuipima ya zamani, weka rula kwenye pini moja na uhesabu pingili hadi inchi 12, ambazo ni milimita 304.8. Pini ikiwa imepita kwa milimita 1.5, badilisha cheni. Ikipita kwa 3, friwili nayo imekwisha, na cheni mpya juu yake itaruka kila ukikanyaga kwa nguvu. Urefu unapatikana kwa kuizungusha juu ya sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye direla, kisha kuongeza inchi moja kamili, yaani pingili nyembamba moja na pana moja.

Ekseli ya pedeli na krenki

Krenki ya kota pini (inayoshikwa kwenye ekseli kwa pini ya kabari) tunaiacha kama ni nzima. Ikishalegea na kuliwa, badilisha yote kwa ya pembe nne. Kota pini zina kipenyo cha 9.5 au 9.0, na ukipiga ya 9.0 kwenye tundu la 9.5 itakaa siku mbili.

Kwa kikombe cha Kiingereza, fanya hivi:

1. Toa boliti za krenki na uifunge kivuta krenki mpaka mwisho wa hesi zake kabla ya kuanza kuvuta. Kikishika nusu, kitang'oa hesi za krenki.
2. Ndani yake mna vikombe viwili vidogo vya hesi vinavyoshika ekseli. Cha kushoto kinalegea kinyume cha saa. Cha kulia, upande wa cheni, kinalegea kwa kufuata saa. Watu wengi huvunja zana hapa kwa kukaza wakidhani wanalegeza. Kwa kikombe cha Kiitaliano pande zote mbili zinalegea kinyume cha saa.
3. Pima urefu wa ekseli ya zamani. Ekseli mpya iliyofungwa beringi zake ndani iwe na urefu utakaoweka katikati ya sproketi mbili za mbele kwenye milimita 43 hadi 44 kutoka mstari wa kati wa fremu.
4. Ukibaki na ekseli ya gololi, weka 11 za inchi 1/4 kila upande, bila kibebeo chao. Grisi iwe nyingi, maana maji hayaingii palipojaa.
5. Boliti za krenki zikazwe kwa spana ya mkono wa sentimita 25, kwa nguvu ya kama kilo 15. Rudia baada ya kilomita 50. Krenki ya alumini iliyotembea ikiwa imelegea hata siku moja, tundu lake la pembe nne limeharibika na haitashika tena.

Pedeli ya kushoto nayo ina hesi za kinyume. Ipake grisi.

Breki

Ongeza ile milimita 4 kama umehamia 622, kisha tafuta breki ambazo mikono yake inafika. Za resi za kisasa hufika 39 hadi 49, za kati 47 hadi 57, ndefu 55 hadi 73. Raba ikae nzima kwenye ukuta wa ringi. Ikigusa tairi, itaikata ubavu kwa wiki moja.

Breki mpya nyingi hufungwa kwa nati ya kuzama inayotaka tundu la milimita 8 upande wa nyuma, na fremu za zamani zina tundu la 6 moja kwa moja. Kwa foki, panua ukuta wa nyuma tu, ule wa mbele uache. Kwa nyuma ni salama zaidi kununua breki ya nati ya nje.

Mikono ya breki lazima iendane na breki, na hapa hakuna kubahatisha. Mikono ya breki za V (zenye fito mbili ndefu pembeni mwa gurudumu) za baskeli ya mlima huvuta waya mrefu. Ukiifunga kwenye breki za resi, mkono utakuwa mgumu na baskeli haitasimama. Ukiweka ya resi kwenye breki za V, mkono unafika hendeli kabla raba hazijabana. Na kipenyo nacho kina kauli yake: hendeli za pembe (za resi, zilizopinda chini) zina 23.8 mahali pa kushika, za mlima zina 22.2.

Waya wa breki ni wa milimita 1.5 au 1.6, wa gia ni 1.1 au 1.2. Ganda la breki ni la chuma kilichojizungusha, la gia lina nyaya zilizonyooka kwa urefu. Usitumie ganda la gia kwenye breki hata kama ndilo pekee lililobaki. Ukibana kwa nguvu linapasuka, na litapasuka siku unayoihitaji breki kweli.

Mahali mwili unapokaa

Resi za zamani zilitengenezwa kumlaza mtu mbele. Kwa matumizi ya kila siku, inua hendeli mpaka ziwe sawa na kiti, au sentimita mbili chini yake. Shingo ya zamani ina mstari unaoonyesha mwisho wa kuivuta juu, nawe usiupite hata kwa milimita moja, kwani ukiupita kabari hushika ukingo wa foki na kuupasua. Ikiwa haifiki, tafuta shingo ndefu ya 22.2, yenye mbele fupi ya milimita 80 au 90.

Njia nyingine ni kuacha hendeli za pembe na kuweka zilizonyooka au zinazorudi nyuma kidogo. Mikono inakaa karibu nawe kwa shingo ile ile. Hendeli nyingi za baskeli ya mlima za zamani hubanwa kwa 25.4, kwa hiyo zinakaa kwenye shingo ya Kijapani yenye kipimo hicho. Kumbuka tu kuchukua mikono ya breki ya kipimo cha 22.2 inayovuta waya mfupi. Ipo, na dukani iulizie kama ya breki za kubana, siyo za V.

Kiti: pima mguu wako kwa ndani kutoka sakafuni hadi juu ukiwa peku, zidisha kwa 0.883. Hiyo ndiyo sentimita kutoka katikati ya ekseli ya pedeli hadi juu ya kiti. Mguu wa 80 unatoa 70.6. Unapoinua hendeli, uzito unahamia kwenye makalio, basi kiti chembamba cha resi kitakuumiza, na sasa ndipo kipana kidogo kinafaa. Kiti laini mno chenye sponji nene hubonyea na kubana mahali pasipotakiwa; kigumu kiasi, chenye upana unaolingana na mifupa ya kukalia, kinakwenda mbali zaidi.

Kuijaribu

Kabla ya kupanda, bana breki ya mbele na usukume baskeli: gurudumu la nyuma liinuke, la mbele lisizunguke. Tikisa gurudumu kushoto na kulia ukisikiliza koni. Inua mbele na uzungushe hendeli. Zikikwama katikati, vikombe vya foki vina vishimo. Vikihitaji kubadilishwa, pima kiti cha beringi juu ya foki kwanza, kwa kuwa cha Kijapani mara nyingi ni 27.0 na cha kawaida ni 26.4.

Pita kilomita chache karibu na nyumbani ukiwa na heksa mfukoni. Waya mpya hulegea, kwa hiyo breki na gia zirekebishwe tena jioni ile ile. Ukipita karibu na maji ya chumvi au mchanga wa ufukwe, osha kwa maji baridi ya kawaida, kausha, kisha tia oili ya mashine kwenye cheni na ufute ya ziada. Mafuta ya kupikia hukauka yakawa gundi, na mchanga unaoshikwa nayo hula sproketi.